Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio baada ya ugonjwa wa virusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi hupona mafua makali, UVIKO-19, dengue au chikungunya, homa ikaisha na hamu ya chakula ikarudi, kisha wakagundua kwamba moyo haujarudi katika mwendo wake. Unakwenda mbio kwa kupanda ngazi chache, unaruka pigo usiku, au unadunda kwa nguvu mtu akiwa amekaa kimya. Majibu haya yameandikwa kwa ajili yao na kwa wanaowauguza. Msimamo wake ni kwamba mapigo ya namna hii mara nyingi si ya hatari na hutulia, lakini hakuna mtu anayestahili kuambiwa hivyo kabla moyo wake haujapimwa, wala hakuna anayepaswa kuendelea kuishi kwa hofu baada ya vipimo kuonyesha kwamba moyo wake ni mzima.

Kwa nini ugonjwa ulioanza kama homa au kikohozi ufike hadi kwenye moyo?

Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kila pigo huanzishwa na umeme mdogo unaotoka katika kifundo kilicho sehemu ya juu ya chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia. Umeme huo hupita vyumba vya juu, hucheleweshwa kidogo katikati, kisha husambaa vyumba vya chini, navyo husukuma damu kwenda mwilini. Chochote kinachoudhi msuli wa moyo au kubadilisha kiwango cha chumvichumvi katika damu kinaweza kuuvuruga mwendo huo.

Njia ya kwanza na ya kawaida zaidi ni homa yenyewe. Kila joto la mwili linapopanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, mapigo huongezeka kwa takriban 10 kwa dakika, na kuharisha, kutapika na kutokwa jasho humpotezea mgonjwa maji, potasiamu na magnesi, ambazo moyo huzihitaji ili umeme wake uende sawa. Njia ya pili ni mishipa ya fahamu inayoongoza moyo bila sisi kuamua: kwa baadhi ya watu mishipa hiyo hubaki imechangamka kupita kiasi kwa wiki au miezi baada ya virusi kuondoka. Njia ya tatu ni ya nadra lakini ndiyo nzito. Virusi, au kinga ya mwili inayopambana navyo, huushambulia msuli wa moyo wenyewe ukavimba, hali ambayo madaktari huiita mayokaditisi. Vinavyojulikana kuileta ni pamoja na virusi vya Coxsackie vya kundi B, adenovirusi, parvovirusi B19, virusi vya mafua makali na vile vya UVIKO-19.

Katika ukanda wetu ni lazima tuongeze dengue, iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na chikungunya, iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza katika uwanda wa Makonde kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na ambayo mwaka 2004 iliwaangusha watu wengi wa Lamu na Mombasa. Zote mbili huweza kugusa moyo. Dengue ina tabia ya pekee: mgonjwa anapoanza kupona, mapigo yake huweza kupungua badala ya kuongezeka, yakashuka chini ya 60 kwa siku chache, kisha yakarudi yenyewe.

Nitajuaje kwamba chanzo ni virusi na si kitu kingine?

Kwa kujichunguza mwenyewe hutajua, na hili nalisisitiza kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Ugonjwa wa virusi mara nyingi hufichua tatizo lililokuwepo kabla. Upungufu wa damu huufanya moyo uende mbio, na hapa kwetu ni wa kawaida mno, hasa kwa wanawake wanaopata hedhi nzito na kwa watu waliougua malaria mara kwa mara. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi hufanya vivyo hivyo, ikiambatana na kupungua uzito, kutetemeka mikono na kutovumilia joto. Virusi vya Ukimwi navyo huweza kudhoofisha msuli wa moyo polepole, kwa hiyo kipimo chake kina nafasi yake hapa.

Kisha kuna ugonjwa wa valvu za moyo, yaani vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma, unaotokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Ugonjwa huu hauletwi na virusi. Huanza na maambukizi ya koo yanayosababishwa na bakteria, na madhara yake kwenye valvu huweza kukaa kimya kwa miaka mingi hadi mtu apate homa kali, ujauzito au kazi nzito. Kijana wa miaka 25 ambaye mapigo yake yamevurugika baada ya mafua na anaishiwa pumzi akilala chali asipewe vidonge vya usingizi akaambiwa apumzike. Asikilizwe moyo, apigwe picha ya moyo.

Kuna aina ngapi za mapigo yaliyovurugika?

Zipo nyingi, lakini baada ya ugonjwa wa virusi zinazokutwa zaidi ni chache. Ya kwanza ni moyo kwenda mbio kwa mpangilio wake wa kawaida: kasi inapanda zaidi ya 100 kwa dakika, mapigo yako sawa, na mgonjwa akipumzika yanashuka polepole. Ya pili ni mapigo ya ziada, ambayo kwenye cheti huandikwa PAC yakitoka vyumba vya juu au PVC yakitoka vyumba vya chini. Pigo la ziada huja kabla ya wakati wake, likafuatwa na kituo kirefu kidogo, kisha pigo zito kuliko mengine kwa sababu moyo ulipata muda zaidi wa kujaa damu. Anayehisi kwamba moyo umesimama halafu ukagonga kifua kwa kishindo, mara nyingi ndicho anachokihisi. Watu wazima wenye afya njema nao wakipimwa saa 24 hukutwa na mapigo machache ya ziada, isipokuwa wengi wao hawayasikii.

Aina ya tatu ni mpapatiko wa vyumba vya juu, unaoandikwa AF. Hapo vyumba vya juu havipigi tena bali hutetemeka, na mapigo yanayofika mkononi hayana mpangilio hata kidogo, kama ngoma inayopigwa na watu wanne, kila mmoja kwa mwendo wake. Aina hii inahitaji matibabu hata kama mgonjwa haumwi popote, kwa kuwa damu inayotuama katika vyumba hivyo huweza kuganda, donge likasafiri hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Zipo pia mbio za ghafla zinazoanza na kukatika kama taa, mapigo ya polepole kwa sababu umeme umezuiwa katikati ya moyo, na mbio za vyumba vya chini, ambazo ni za hatari kuliko zote na huonekana zaidi kwa wenye msuli wa moyo uliovimba au wenye kovu.

Ninawezaje kupima mapigo yangu nyumbani?

Kaa kwa utulivu dakika 5. Geuza kiganja juu, weka vidole viwili vya mkono mwingine, usiweke dole gumba, chini kidogo ya kifundo cha mkono upande wa dole gumba, kisha uhesabu. Mapigo yakiwa sawa, sekunde 30 zinatosha na utazidisha mara mbili. Yakiwa hayana mpangilio, hesabu dakika nzima. Kiwango cha kawaida cha mtu mzima aliyepumzika ni 60 hadi 100, ingawa wanamichezo na watu wa kazi za nguvu huweza kuwa chini ya hapo bila tatizo lolote.

Andika tarehe, saa, idadi, na ulichokuwa ukifanya. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Mashine ndogo ya kidoleni na mashine ya presha hutoa namba ya mapigo, lakini zote mbili hukosea mapigo yakiwa yamevurugika. Naomba pia usipime kila baada ya dakika 10: asubuhi, jioni na wakati wa tukio inatosha, maana anayeshika mkono wake mchana kutwa hupandisha mapigo kwa hofu hiyohiyo.

Ni dalili zipi zinazonilazimu kwenda hospitali mara moja?

Nenda bila kusubiri asubuhi ukizirai au ukikaribia kuzirai, hasa ikitokea wakati wa kazi au mazoezi. Ukipata maumivu ya kifua yanayobana au kusambaa hadi mkononi, shingoni au tayani. Ukishindwa kupumua ukiwa umelala hadi ulazimike kukaa. Miguu ikivimba ndani ya siku chache. Au mapigo yakibaki zaidi ya 120 ukiwa umepumzika na huna homa. Mapigo yaliyo chini ya 40 yakiambatana na kizunguzungu nayo ni ya kukimbiliwa.

Uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea ghafla au maneno kukwama mdomoni ni dalili za kiharusi. Usimpe mgonjwa huyo chakula, maji wala dawa ya kumeza, na usimpitishe kwanza dukani, kwa mganga au kwenye maombi. Wanaomwombea wamwombee wakiwa njiani kwenda hospitali.

Nikifika hospitali, nitafanyiwa vipimo gani?

Kipimo cha kwanza ni ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ambacho hakiumi, humalizika kwa dakika chache na siku hizi hupatikana katika hospitali nyingi za wilaya. Kifuatwe na vipimo vya damu: wingi wa damu, potasiamu, figo na tezi ya shingo, pamoja na troponini, protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo ukiumia, ikiwa kuna maumivu ya kifua au dalili za msuli kuumia. Picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ambayo wengi huijua kwa jina la eko, huonyesha nguvu ya msuli na hali ya valvu. Ikiwa mayokaditisi inashukiwa, MRI ya moyo, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, hutoa jibu la uhakika zaidi, lakini iko mahali pachache na gharama yake ni kubwa.

Ugumu ni kwamba ECG huona sekunde chache tu. Moyo unaovurugika saa 8 usiku huweza kuonekana mzima saa 4 asubuhi. Kwa hiyo ikiwa ECG ni safi na dalili zinaendelea, uliza kuhusu kipimo cha Holter, kifaa kidogo kinachovaliwa kifuani kwa saa 24 au 48 na kurekodi kila pigo. Hupatikana zaidi katika hospitali za rufaa na vituo vya moyo, kama vile Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, Hospitali ya Kenyatta jijini Nairobi, na Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyopo Mulago. Kipimo hicho pia hutoa hesabu yenye maana kubwa: mapigo ya ziada ya vyumba vya chini yakizidi asilimia 10 ya mapigo yote ya siku, mgonjwa hufuatiliwa kwa karibu, kwa sababu wingi huo ukidumu huweza kuudhoofisha msuli.

Nimeambiwa ni wasiwasi tu. Je, nikubali?

Kama umeambiwa hivyo kabla ya kupimwa, usikubali. Omba kwa heshima, na kwa kusisitiza, upimwe ECG na wingi wa damu. Wanawake na vijana ndio wanaorudishwa nyumbani zaidi kwa jibu hili, na wengine wao walikuwa na ugonjwa unaotibika.

Kama umeambiwa hivyo baada ya ECG, eko na Holter kuwa safi, basi lisikilize jibu hilo kwa moyo mpana, kwa kuwa halimaanishi kwamba unaigiza. Hofu huachilia adrenalini, adrenalini huongeza mapigo ya ziada, mapigo hayo huongeza hofu, na mzunguko huo ni wa kimwili kabisa. Kupumua polepole, ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, huushusha moyo kasi ndani ya dakika chache, na mazungumzo na mshauri nasaha ni tiba halali kama kidonge.

Moyo wangu hukimbia nikisimama tu, nikilala unatulia. Hii ni nini?

Huenda ni hali inayoandikwa POTS, ambayo imeonekana kwa watu wengi baada ya UVIKO-19 lakini ilijulikana baada ya magonjwa mengine ya virusi miaka mingi kabla yake. Mtu mzima mwenye hali hii akisimama, mapigo yake hupanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10 bila presha kushuka, na kwa vijana wa miaka 12 hadi 19 kiwango kinachotumika ni 40. Hufuatana na kizunguzungu, kichwa kuwa kizito na uchovu usioelezeka. Unaweza kujipima: lala dakika 10, hesabu mapigo, simama karibu na mtu wa kukudaka, kisha uhesabu tena dakika ya 1, ya 5 na ya 10.

Matibabu yake huanza na mambo ya nyumbani. Kunywa maji mengi, lita 2 hadi 3 kwa siku; ongeza chumvi ikiwa daktari amethibitisha kwamba huna presha ya kupanda wala ugonjwa wa figo; vaa soksi ndefu za kubana; inuka kitandani kwa hatua, ukikaa kwanza ukingoni na kukaza misuli ya miguu. Mwenye kazi ya kusimama, kama mwalimu, muuza duka au mlinzi, aombe kiti, na hilo si uvivu.

Hali hii itachukua muda gani?

Mbio zinazotokana na homa huisha ndani ya siku au wiki chache. Mapigo ya ziada na mchangamko wa mishipa ya fahamu huweza kuchukua miezi kadhaa, yakipungua kwa kupanda na kushuka badala ya kushuka moja kwa moja, hivyo wiki moja mbaya katikati ya mwezi mzuri haimaanishi kwamba ugonjwa umerudi. Msuli uliovimba huhitaji muda mrefu zaidi, na wengine hubaki na kovu linalotaka ufuatiliaji wa miaka.

Ni lini nitaruhusiwa kufanya mazoezi na kazi nzito?

Ikiwa umethibitishwa kuwa na mayokaditisi, kaa mbali na michezo na kazi za kutumia nguvu kwa muda ambao kwa kawaida ni miezi 3 hadi 6, kisha upimwe tena kabla ya kurudi. Hili halina mjadala, hata kama unajisikia mzima. Msuli uliovimba unaposukumwa huweza kuingia katika mbio za vyumba vya chini, na vijana wamefia uwanjani kwa njia hiyo. Najua ugumu wa kumwambia mbeba mizigo, mkulima wakati wa palizi au dereva wa bodaboda mwenye watoto apumzike miezi 3. Ndiyo maana familia ikae kikao mapema, igawane kazi, na ipange nani atabeba nini, badala ya kumwachia mgonjwa achague peke yake kati ya moyo wake na unga wa watoto.

Ambaye moyo wake umekutwa mzima aanze kwa kutembea dakika 10 mahali tambarare, akiongeza kidogo kila wiki. Akiwa anaweza kuzungumza sentensi nzima anapotembea, mwendo huo unamfaa. Akiamka kesho yake amechoka kuliko jana, apunguze.

Je, tendo la ndoa ni salama?

Kwa anayepanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu ya kifua wala kukata pumzi, ndiyo.

Nile nini, ninywe nini, niache nini?

Hakuna chakula kinachotibu mapigo yaliyovurugika, lakini vipo vinavyosaidia moyo kuwa na potasiamu na magnesi za kutosha: ndizi, maharage, viazi, mboga za majani, karanga na maji ya madafu. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza, kwani potasiamu nyingi ni sumu kwake. Anayeharisha atumie ORS mapema.

Kahawa na chai si haramu kwa kila mgonjwa. Punguza kwa wiki mbili uone kama kuna tofauti. Vinywaji vya kuongeza nguvu, mirungi, sigara na pombe nyingi ni vya kuacha kabisa. Mirungi ina kathinoni, inayopandisha presha na mapigo kwa saa kadhaa, na kuitafuna juu ya moyo uliovimba ni kujitafutia hatari.

Nifahamu nini kuhusu dawa nilizoandikiwa?

Dawa za kupunguza kasi, kama propranololi, atenololi na bisoprololi, husaidia wengi, lakini mwenye pumu amweleze daktari kabla ya kuzianza, kwa sababu propranololi hasa huweza kubana njia za hewa. Usiziache ghafla siku unayojisikia vizuri. Hupunguzwa hatua kwa hatua, la sivyo mapigo hurudi kwa kishindo.

Mwenye AF huweza kupewa dawa ya kuzuia damu isigande. Anayetumia mojawapo ya dawa hizo, warfarini, hupimwa mara kwa mara INR, kipimo kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani, na lengo la wengi ni kati ya 2 na 3. Mboga za majani kama mchicha, kisamvu na sukuma wiki zina vitamini K inayoipunguza nguvu dawa hiyo, ila dawa ya tatizo si kuziacha: kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, ili kipimo cha dawa kilingane na chakula chako. Diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kutokwa damu, metronidazoli na kotrimoksazoli hupandisha INR, na dawa za miti shamba hazina kipimo kinachojulikana. Mwambie muuza duka la dawa kwamba unatumia warfarini kabla hajafungua kabati.

Nikiugua malaria au kikohozi tena, dawa zake ni salama kwa moyo wangu?

Malaria isiyotibiwa ni hatari kuliko dawa yake. Dawa ya mseto ya artemetha na lumefantrini hurefusha kidogo kipindi cha umeme wa moyo kinachoitwa QT, na kwa walio wengi haileti madhara. Mwenye QT ndefu iliyokwisha kuonekana kwenye ECG ndiye anayepaswa kumweleza daktari ili apangiwe. Kwinini inahitaji uangalifu zaidi. Tatizo kubwa ni kuchanganya: azithromaisini, erithromaisini, siprofloksasini, flukonazoli na baadhi ya dawa za akili nazo hurefusha QT, na mbili au tatu kwa pamoja, kwa mtu aliyeishiwa potasiamu kwa kuharisha, zinaweza kuamsha mbio za vyumba vya chini. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini ziepukwe.

Je, nichanjwe?

Kwa wengi jibu ni ndiyo, kwa sababu maambukizi mapya huugusa moyo zaidi kuliko chanjo. Ni kweli kwamba chanjo za UVIKO-19 za aina ya mRNA zimesababisha mayokaditisi kwa nadra, hasa kwa vijana wa kiume siku chache baada ya dozi ya pili, na wengi wao walipona. Aliyewahi kupata tatizo hilo baada ya dozi, au ambaye msuli wake bado umevimba, azungumze na daktari kwanza.

Naweza kufunga Ramadhani?

Moyo ukiwa umetulia na dawa zikiwa za mara moja au mbili kwa siku, wengi huweza kuzipanga wakati wa daku na futari kwa ushauri wa daktari. Mwenye POTS, mwenye mayokaditisi na anayetumia dawa za kukojoza huathirika upesi kwa kukosa maji. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa baadaye, na ruhusa hiyo ni ya kutumiwa.

Na nikiwa mjamzito?

Mapigo huongezeka katika ujauzito hata kwa mwenye afya. Mwambie mkunga historia yako siku ya kwanza ya kliniki. Anayetumia warfarini asisubiri kliniki hiyo: aonane na daktari mara tu hedhi inapochelewa, kwa sababu dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto katika miezi 3 ya mwanzo, wala asiiache peke yake bila kupewa mbadala.

Watu wa nyumbani wafanye nini mgonjwa akianguka?

Mtikise mabega, mwite. Akiwa anapumua vizuri, mlaze ubavu, usimmwagie maji wala kumtia kijiko mdomoni. Akiwa haitiki na hapumui, au anapumua kwa kukoroma na kwa vipindi, mtu mmoja atafute usafiri na msaada, mwingine aanze mara moja kukandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili iliyonyooka, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wakipokezana kila baada ya dakika 2 ili nguvu isipungue, na wasiache hadi apumue au mhudumu wa afya afike. Mmoja wenu abebe vidonge vyake vyote, karatasi za ECG na daftari la mapigo, na akumbuke saa aliyoanguka, kwa kuwa hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa mapokezi.